Konveta ya 24 V kwenda 12 V kwenye matatu inafunika FM: kelele tuziue wapi kwanza?

#1 Volti28

Wadau, hamjambo. Nina bodi ya kushusha volti kwa matatu kubwa za abiria 33, zile za mfumo wa 24 V. Inalisha redio ya 12 V na skrini ndogo, jumla 2 A. Konveta ikiwaka, stesheni za FM zenye nguvu zinasikika sawa, lakini zile dhaifu zinafunikwa na mvumo. Ukipita Ruiru kuelekea Thika ndiyo kabisa, hakuna kinachosikika. Redio ikilishwa na betri yake ya 12 V na konveta ikizimwa, stesheni zote zinarudi.

Bodi yenyewe: chipu ni TPS54360 kwenye 400 kHz. Koili 22 µH, ile iliyofunikwa. Dayodi ya Schottky 60 V 5 A. Upande wa kuingia kuna kapasita za aina mbili: elektroliti 100 µF 63 V na seramiki mbili za 2.2 µF 100 V, zote ziko kama mm 25 kutoka kwenye chipu. Upande wa kutoka kuna seramiki mbili za 22 µF 25 V na elektroliti 220 µF. Bodi ina tabaka mbili, unene mm 1.6. Waya wa kwenda redioni ni mita 1.5.

Ushanga wa feraiti kwenye waya chanya wa kutoka haujabadilisha chochote. Niongeze nini?

#2 Njia_Fupi

Usiongeze kitu bado, fundi. Tazama hizo mm 25.

Kwenye konveta ya kushusha, mkondo wa upande wa kuingia hauendi mfululizo. Unakatwa na kurudishwa mara 400,000 kwa sekunde. Kitanzi kinachobeba mkondo huo kinaanza kwenye seramiki ya kuingilia, kinaingia VIN (pini ya kuingizia umeme), kinapita kwenye mosfeti iliyo ndani ya chipu, kinatokea SW (pini ya swichi, inayokutana na dayodi na koili), kinashukia dayodi, kisha kinarudi kwenye mguu wa graundi wa seramiki ile ile. Hicho ndicho kitanzi cha moto. Koili haimo, na kapasita za kutokea hazimo, kwa sababu mkondo wa koili hupanda na kushuka polepole bila kuruka.

Njia nyembamba ya shaba ina indaktansi ya karibu nH 1 kwa kila mm. Ikiwa pana na ina graundi chini yake hupungua, lakini mm 25 kwenda na kurudi hufika nH 20 hadi 30 bila shida. Sasa piga hesabu: 25 nH, mkondo wa 2 A ukiruka ndani ya ns 10, unapata 5 V. Hizo 5 V zinazaliwa ndani ya shaba ya bodi yako kila mosfeti inapowaka. Elektroliti kubwa ukiiweka nje ya kitanzi hicho haizioni kabisa.

Indaktansi hiyo ikikutana na kapasitansi ya dayodi na mosfeti, nodi ya SW inaanza kutetema. Mtetemo wa bodi za aina hii mara nyingi huangukia kati ya MHz 50 na 200. FM iko 87.5 hadi 108. Naweka dau hapo kabla hujapima.

Dawa: seramiki ya kuingilia ikae ubavuni mwa chipu, mguu wake wa chanya uguse VIN na mguu wake wa graundi ukutane uso kwa uso na anodi ya dayodi, kwenye tabaka la juu, bila kupitia via (tundu la kuunganisha tabaka). Anza na 100 nF 100 V ya saizi 0603 karibu kabisa, kisha 2.2 µF ya 1210 nyuma yake. Elektroliti inaweza kukaa mbali, yenyewe kazi yake ni nyingine.

#3 Mizani_ya_dB

Naongeza kuhusu seramiki, maana wengi hununua kwa kuangalia namba ya µF tu. Seramiki za aina ya X7R na X5R hupoteza uwezo zikiwekewa volti ya DC. Seramiki ya 4.7 µF 50 V kwenye saizi ya 0805 ikikaa kwenye 28 V inaweza kubaki chini ya nusu. Zako za 100 V kwenye 1210 ziko salama zaidi. Y5V usiiguse kwa kazi hii, joto na volti zote mbili zinaimaliza.

Na ukienda Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, chukua kapasita iliyo kwenye mkanda wenye maandishi ya kiwanda. Seramiki ndogo haziandikwi kitu mgongoni, kwa hiyo ile ya kuchotwa kwenye kikopo hujui ni X7R au ni nini.

#4 MawimbiMafupi

Nakubaliana na Njia_Fupi kuhusu kitanzi, ila kabla ya kuchora bodi upya ni lazima ujue kelele inapita wapi kuingia redioni. Njia ni tatu: inapitia waya wa umeme, inaruka hewani hadi kwenye antena, au si ya konveta kabisa bali ni ya alteneta.

Alteneta ni rahisi kuitambua. Sauti yake ni mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Zima injini, acha funguo kwenye ON. Mluzi ukiondoka na mvumo ukabaki, mvumo ni wa konveta.

Kutenganisha waya na hewa: lisha redio kwa betri ya 12 V 7 Ah iliyo peke yake, halafu konveta uipe mzigo wa bandia palepale ilipo. Balbu ya breki ya 12 V 21 W inatosha, inavuta karibu 1.75 A. Mvumo ukibaki vile vile, unapita hewani. Ukiondoka wote, unapita kwenye waya. Ukipungua nusu, una matatizo mawili na kila moja lina dawa yake.

Usijaribu kwa kuchomoa antena na kusikiliza. Redio ya FM isiyo na mawimbi huvuma yenyewe, utadanganyika.

#5 Volti28

Asanteni. Nimefanya la betri na balbu. Injini ikiwa imezimwa mvumo upo. Redio ikiwa kwenye betri yake, mvumo umepungua lakini stesheni dhaifu bado zinafunikwa. Kwenye osiloskopu nodi ya SW inatetema, naona kama 95 MHz, lakini miiba inafika juu sana hadi siiamini.

#6 Probu_Kumi

Una haki ya kutoiamini. Ule waya wa graundi wa probu wenye kibanio cha mamba una urefu wa sm 10 hadi 15 na unafanya kitanzi chake mwenyewe. Unaokota uga wa koili na kutetema wenyewe, halafu unakuonyesha miiba ambayo haipo kwenye bodi.

Jaribio la kwanza: gusisha ncha ya probu kwenye kibanio chake chenyewe, kisha vyote viwili viguse graundi ya bodi. Skrini inapaswa kuwa tulivu. Ukiona miiba hapo, unapima hewa na mkondo wa pamoja unaopita kwenye waya wa probu.

Upimaji sahihi wa SW: vua kofia ya probu, tumia springi fupi ya graundi, ncha iguse SW na springi iguse anodi ya dayodi, umbali usizidi mm 5. Weka probu kwenye ×10, maana kwenye ×1 nyingi huishia MHz 6 hadi 10 na mtetemo hutauona kabisa. Osiloskopu iwe ya angalau MHz 200 ukitaka kuamini urefu wa mtetemo wa 95 MHz. Ya MHz 100 itakuonyesha masafa karibu sawa, lakini urefu itaupunguza.

Viwimbi vya kutoka, yaani volti ndogo zinazopanda na kushuka juu ya 12 V, vinapimwa tofauti. Hapo washa kizuizi cha 20 MHz, weka ingizo la osiloskopu kwenye AC, springi fupi moja kwa moja juu ya seramiki ya mwisho. Hivyo ndivyo namba za viwimbi kwenye datashiti nyingi zinavyopatikana. Ila kwa shida yako ya FM, kizuizi hicho kikiwa kimewashwa hutaona lolote, kwa hiyo pima mara mbili, kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa.

#7 Volti28

Kwa springi: mtetemo upo kwenye 95 MHz kweli, kilele 37 V wakati umeme wa kuingia ni 28 V. Viwimbi vya kutoka na kizuizi cha 20 MHz ni chini ya mV 15. Bila kizuizi kuna miiba ya karibu mV 200 kila swichi inapogeuka.

#8 DadaKoili

Hizo mV 15 zinaonyesha koili na kapasita za kutokea ziko sawa, kwa hiyo achana na mawazo ya kuongeza µF. Kazi yote iko kwenye mtetemo wa 95 MHz na jinsi unavyotoka nje.

Sasa tupate namba za snaba ya RC (rezista na kapasita mfululizo za kuua mtetemo) badala ya kubahatisha. Lehemu kapasita ndogo za C0G (seramiki isiyopoteza uwezo kwa volti) kati ya SW na anodi ya dayodi, ukipanda hatua kwa hatua, 100 pF, 220 pF, 330 pF, hadi masafa ya mtetemo yashuke kuwa nusu. Masafa yakiwa nusu, jumla ya kapasitansi imekuwa mara nne, yaani uliyoongeza ni mara tatu ya ile iliyojificha. Ikiwa nusu imepatikana kwenye 330 pF:

Kapasitansi iliyojificha ni 330 ÷ 3 = 110 pF.
Indaktansi ya kitanzi ni 1 ÷ [(2π × 95 MHz)² × 110 pF], ambayo ni karibu 25 nH.
Rezista ni kipeuo cha pili cha 25 nH ÷ 110 pF, karibu 15 Ω.
Kapasita ya snaba ni mara tatu hadi nne ya ile iliyojificha: 330 au 470 pF, C0G, 100 V.

Kisha joto, ambalo wengi hulisahau. Nguvu inayoishia kwenye rezista ni C × V² × f. Kwa 470 pF, 28 V na 400 kHz ni 0.147 W. Rezista ya 0805 huvumilia 0.125 W, itabadilika rangi na baadaye kufunguka, na mtetemo utarudi bila mtu kujua. Weka 1206 ya 0.25 W, au mbili za 30 Ω sambamba. Isiwe rezista ya waya wa kuzungushwa, hiyo nayo ni koili.

Snaba ikae juu ya dayodi. Ukiivuta mm 20 kwa waya umeongeza nH 20 nyingine ndani yake na haitafanya kazi.

#9 Volti28

Dada, imegonga palepale. Kwa 330 pF masafa yameshuka hadi karibu 48 MHz. Na 470 pF pamoja na 15 Ω mtetemo unakufa baada ya mzunguko mmoja hivi. Stesheni dhaifu kadhaa zimerudi, zile dhaifu zaidi bado. Sasa bodi mpya naichora na snaba hii hii?

#10 Njia_Fupi

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Snaba hiyo imepimwa kwa kitanzi kibaya. Ukisogeza seramiki na kitanzi kikashuka kutoka 25 nH hadi 8 nH, mtetemo utapanda kutoka 95 MHz hadi karibu 170 MHz, na rezista inayofaa itakuwa karibu 8.2 Ω. Ile 15 Ω itakuwa haimudu. Acha nafasi za snaba kwenye mchoro, usizijaze, pima upya kwenye bodi mpya, kisha uamue. Mara nyingine kitanzi kikiwa kifupi huihitaji tena, na unaokoa hizo 0.147 W.

Kabla ya kuagiza bodi unaweza kujaribu kwenye hii ya zamani: kwangua rangi ya kijani ubavuni mwa VIN na kwenye shaba ya anodi, lehemu 1 µF 100 V ya 1206 moja kwa moja kati ya hizo mbili, hata ikikaa kimshazari. Mtetemo ukipanda masafa na kupungua urefu, umethibitisha kwa kapasita moja kwamba kazi iko kwenye mpangilio wa bodi.

Na kama mfuko unaruhusu, agiza tabaka nne. Kwenye bodi ya tabaka mbili ya mm 1.6, graundi iko mm 1.6 chini ya kitanzi. Kwenye tabaka nne, tabaka la pili liko karibu mm 0.2 tu chini. Mkondo wa kurudi unapita chini kabisa ya ule wa kwenda, uga wa mmoja unafuta wa mwenzake. Kwa kitanzi cha moto hakuna kifaa cha kununua kinachokupa faida kama hiyo.

#11 Mizani_ya_dB

Kuna mbinu nyingine ndogo: rezista mfululizo na kapasita ya BOOT ya 0.1 µF, ile inayoipa mosfeti umeme wa kuiwasha. Inachelewesha mosfeti kuwaka, kwa hiyo ukingo unakuwa mlegevu na nguvu kwenye 100 MHz inapungua. Anza na 4.7 Ω, nisingependa uzidi 10 Ω. Gharama yake ni joto la chipu, kwa hiyo gusa chipu kwa thamometa baada ya nusu saa kwenye mzigo kamili, ukikumbuka kwamba ndani ya dashibodi mchana kuna joto kuliko mezani.

Inasaidia kuwaka tu. Kuzimika kwa mosfeti hakuguswi.

#12 FundiWaGikomba

Swali la graundi: nigawe graundi ya nguvu na graundi ya mawimbi madogo, niziunganishe sehemu moja? Datashiti za zamani zinasema hivyo.

#13 Njia_Fupi

Usiigawe kwa kukata shaba. Kwenye MHz, mkondo wa kurudi hufuata njia iliyo chini ya njia ya kwenda. Ukikata ufa kwenye graundi na njia yoyote ikavuka ufa huo, mkondo unalazimika kuzunguka, na ufa unageuka antena. Graundi iwe tandiko moja zima, kisha wewe ndiye upange vifaa: kitanzi cha moto kona moja, FB (pini inayopima volti za kutoka) na COMP (pini ya kutuliza udhibiti) kona nyingine.

Rezista za FB zikae milimita chache kutoka kwenye pini. Njia ndefu iwe ile ya 12 V inayotoka kwenye kapasita ya kutokea, isiwe njia ya FB yenyewe, kwa sababu FB ni nodi ya upinzani mkubwa na inaokota kila kitu. Usiipitishe chini ya koili. Shaba ya SW nayo iwe ndogo, inayotosha mkondo tu. Watu huipanua ili ipoze dayodi, lakini shaba hiyo inaruka kutoka 0 hadi 28 V na kila sentimita ya mraba ni bamba la kurusha kelele. Poza kwa upande wa anodi, ambao ni graundi.

#14 DadaKoili

Na koili iwe na mwelekeo. Nyingi zina nukta upande mmoja, inayoonyesha mwanzo wa waya, ambao uko ndani kabisa. Upande huo uende SW. Hivyo waya wa nje wa koili unakuwa ule uliounganishwa na 12 V tulivu, nao unakinga wa ndani. Ni kugeuza tu, hakuna gharama.

Angalia pia mkondo wa kujaa, yaani ule ambao koili ikiufikia indaktansi yake inaporomoka. Kilele chako cha kawaida ni karibu 2.4 A, lakini wakati wa kuwaka chipu inaweza kuruhusu zaidi ya 5 A. Koili ya 3 A itajaa hapo na mkondo utapaa. Chagua 5.5 A kwenda juu.

#15 Simu_ya_Upepo

Kwa nini asiweke tu regyuleta ya laini baada ya konveta? 14 V kwenda 12 V, tatizo limekwisha.

#16 MawimbiMafupi

Kwa 2 A hizo ni 4 W za joto ndani ya boksi dogo. Lakini hata joto lisingekuwepo, regyuleta ya laini hukataa viwimbi vizuri kwenye 100 Hz, na uwezo huo huporomoka ikifika mamia ya kHz. Kwenye 95 MHz miiba inapita kupitia kapasitansi ya transista kana kwamba regyuleta haipo. Inafaa kwa sauti, kwa mfano kulisha kikuza sauti kidogo kinachohitaji 5 V safi. Kwa FM haifai.

Kichujio cha LC ndicho chenye maana, ila elewa mpaka wake. 10 µH na 100 µF vina kona kwenye 5 kHz hivi, na kwa hesabu ya karatasi vinapunguza 400 kHz mara elfu kadhaa. Elektroliti yenye ESR (upinzani wa ndani wa kapasita) ya 0.1 Ω inakurudisha chini: koili ya 10 µH kwenye 400 kHz ni 25 Ω, kwa hiyo unapata 25 ÷ 0.1, mara 250 hivi. Weka seramiki ya 10 µF ubavuni mwa elektroliti na utashuka zaidi. Na kwenye 95 MHz koili ya 10 µH ya kawaida imeshageuka kapasita, hapo ndipo ushanga wa feraiti unapoingia.

Ushanga wako, Volti28, nadhani umejaa. Ule ulioandikwa 600 Ω kwenye 100 MHz na 2 A, ukiupitisha 2 A hubaki na sehemu ndogo tu ya hizo 600. Chukua wa 5 au 6 A. Baada yake, palepale kwenye kiunganishi, weka 10 nF na 1 nF kwenda graundi. Ushanga bila kapasita baada yake hauna cha kugawana nacho.

#17 Embakasi_RF

Nyote mmesema ya bodi. Mimi naona mita 1.5 za waya.

Robo ya urefu wa wimbi la 100 MHz ni sm 75. Waya wako ni nusu wimbi kamili. Kelele ya pamoja, ile inayokwenda upande mmoja kwenye waya chanya na hasi kwa wakati mmoja, ikipata hata mkondo mdogo sana kwenye waya wa urefu huo inarusha kama kisambazaji. Ndiyo maana mvumo ulibaki ulipotumia betri ya pembeni. Na ndiyo maana ushanga kwenye waya mmoja haukusaidia.

Pitisha waya zote mbili, chanya na hasi kwa pamoja, ndani ya feraiti moja. Mkondo wa mzigo unakwenda na kurudi, kwa hiyo hauijazi. Kelele ya pamoja peke yake ndiyo inayokutana na upinzani. Yale mapipa meusi kwenye kebo za VGA za monita za zamani yanafaa, na mafundi wa River Road wanayo kwa wingi. Ukiizungusha mara mbili au tatu ndani ya feraiti, upinzani unapanda kwa mraba wa mizunguko, mizunguko mitatu ni karibu mara tisa. Zaidi ya mitatu kwenye FM usiende, kapasitansi kati ya mizunguko inaanza kuipitia pembeni.

Feraiti ikae sm 5 kutoka kwenye boksi la konveta. Weka nyingine upande wa waya za 24 V, maana zile nazo ni antena. Halafu sokota waya, mizunguko kama 20 kwa mita, na fupisha hadi sm 50 ikiwezekana.

#18 Volti28

Mzee Embakasi, feraiti mbili za VGA, mizunguko mitatu kila upande, snaba ikiwa bado juu. Ruiru sasa inasikika. Naendelea na bodi mpya ya tabaka nne. Kuna kitu kingine cha gari cha kuzingatia?

#19 Mizani_ya_dB

Kimoja kikubwa, nacho si kelele bali ni uhai wa bodi. Betri ikikatika ghafla alteneta ikiwa inachaji, volti zinaruka. ISO 16750-2, kiwango cha majaribio ya umeme wa magari, inataja kilele cha 151 hadi 202 V kwa mifumo ya 24 V. Chipu yako ni ya 60 V. TVS (dayodi ya kubana volti zinazoruka) ya SMBJ33A inabana kwenye 53.3 V, namba nzuri kwa chipu hii, lakini ni ya 600 W tu na pigo refu kama hilo linaipasua. Weka SM8S33A, ya 6.6 kW, baada ya fyuzi ya 5 A. Ndiyo maana pia nakusihi usishawishike na moduli za LM2596 za bei rahisi kwa gari la 24 V. Mwisho wake ni 40 V, na TVS inayoacha 28 V zipite bila kuchemka haiwezi kuzibana chini ya hapo kwa uhakika.

Pili, ukiweka koili kwenye kuingia kama kichujio, itulize. Konveta inaonekana kama rezista hasi: volti zikishuka, inavuta zaidi. Kwa 24 W kutoka 28 V ni karibu 30 Ω. Koili ya 4.7 µH na seramiki zako za 4.4 µF zina upinzani wa tabia wa karibu 1 Ω, kwa hiyo uko mbali na hatari, lakini bila kitu cha kuzituliza zitapiga kelele kwenye 35 kHz. Elektroliti yako ya 100 µF ndiyo mtulizaji, kwa sababu ina ESR. Iache upande wa chipu wa koili hiyo, usiihamishie nje.

#20 FundiWaGikomba

Redio ikiwa standby kuna mlio mwembamba kwenye spika. Ni hiyo hiyo?

#21 DadaKoili

Hiyo ni nyingine. TPS54360 kwenye mzigo mdogo huruka mapigo ili kuokoa umeme, na mapigo yakirukwa, viwimbi hushuka hadi kHz chache, ndani ya masikio. Snaba na feraiti hazihusiki. Weka mzigo wa kudumu, anza na 220 Ω ya 2 W kwenye 12 V, inavuta mA 55 na kula 0.65 W. Mlio ukihama juu au ukapotea, ndiyo yenyewe, na hapo tafuta mzigo mdogo unaotosha. Ukisikia mlio kutoka kwenye bodi yenyewe na si spika, ni seramiki inayonyumbuka, au koili.

#22 Simu_ya_Upepo

Na chaja za USB za viti vya abiria? Kila kiti kina yake, na nyingine ni za bei ya chini kabisa.

#23 Embakasi_RF

Hizo ni konveta nyingi, kila moja na kitanzi chake, zimeunganishwa na waya mmoja unaopita urefu wote wa gari, antena nzuri kuliko ya redio. Zizime zote kwa fyuzi yao kwanza, sikiliza, kisha washa moja moja. Mara nyingi ni mbili tatu zinazochafua, si zote. Kwa zile mbaya, feraiti kwenye kebo ya tawi, karibu na chaja, na 100 nF 100 V pamoja na 10 µF 63 V kwenye miguu yake ya kuingilia. Waya mkuu wa chaja usiupitishe kwenye dari pamoja na kebo ya antena. Ushushe sakafuni, na pale lazima zikutane, zivukane kwa pembe mraba.

Ukitaka kuona badala ya kusikiliza, chukua RTL-SDR ya USB (kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta), tengeneza kitanzi cha sm 2 kwa kipande cha kebo ya koaksia, weka kipunguzi cha 20 dB mbele yake ili isizidiwe, na upitishe kitanzi juu ya kila chaja huku ukitazama 88 hadi 108 MHz. Kitanzi kikiwa juu ya chaja mbaya, sakafu ya kelele inainuka bendi nzima.